Masanduku ya Daktari Lindores

Yalifika Jumanne, mvua ya Dundee ikiyafuata hadi mlangoni,
masanduku kumi na moja na mkoba wa ngozi uliokakamaa.
Kitukuu wake alitia saini, akasema,
"Mzee hakutupa kitu,"
akaondoka bila kudai risiti.

Kazi yangu ni ndogo: kugawa.
Rundo hili, KAZI. Rundo lile, BINAFSI.
Penseli, si kalamu. Mikono mikavu. Chai mbali na meza.

Kazi ndiyo hii: daftari la mwaka wa tisini na moja, karne ya kumi na tisa,
matege, matege, kibiongo, mguu kombo, matege,
watoto wa viwanda vya magunia
waliokulia chini ya moshi, jua wakilisikia tu,
mifupa yao laini
kama mshumaa uliosahauliwa karibu na jiko.
Kando ya kila jina, malipo:
Shilingi mbili. Shilingi moja.
Mayai sita, mawili viza.
Hakuna. Hakuna.
Mama ameahidi kufua mapazia.

Ankara za mhunzi, vyuma vya miguu jozi kumi na nne,
na mhunzi analalamika, mwandiko umemparaganyika,
kwamba daktari humrudishia chuma kizima
kwa tofauti ya unene wa ukucha.
Barua ya wakubwa wa hospitali
inayomwita, kwa adabu zote, seremala.
Jibu lake lipo pembeni, halikutumwa:
"Seremala hupewa mbao kavu.
Mimi hupewa mti ambao bado unakua."

Udongo uwahi ungali maji. Aliuwahi,
miaka thelathini, plasta ikimkaukia kwenye kucha
hata kwenye picha ya harusi, angalia,
mkono wa kushoto, juu ya bega la Euphemia.
(Picha: BINAFSI. Kucha je?)

Sanduku la saba nililifungua baada ya chakula.
Karatasi zilizopakwa masizi, mamia,
na juu ya kila moja unyayo mweupe wa mtoto.
Davina Petrie, miaka minne, kabla.
Davina Petrie, miaka sita, baada.
Unaona kabisa jinsi kisigino kilivyotua,
kama mgeni aliyekubali hatimaye kukaa.

Bunda moja limefungwa kwa uzi wa buluu.
Humo hamna baada.
Juu yake neno moja: Niliokosea.
Na katikati ya hao, bila jina la ukoo,
unyayo umejikunja kwa ndani
kama jani lililopitiwa na moto:
Grizel. Siku ya tatu.
Grizel, miezi miwili. Grizel, mwaka.
Grizel, tano, saba, tisa, kila siku ya kuzaliwa,
na kwenye safu ya malipo, kwa mwandiko uleule wa daftari:
Hakuna.

Kisha barua, kutoka Aberdeen, msichana wa miaka kumi na tisa:
"Baba, usiniulize tena habari za mguu.
Nimechoka kuwa mgonjwa wako.
Ijumaa kulikuwa na dansi. Nilikaa ukutani,
wala si kwa ajili hiyo; viatu vilinibana,
na kijana mwenyewe alinuka samaki."

Chini ya viatu vilinibana
kuna mstari wa penseli nyekundu.
Pembeni: kisigino, au vidole? Muulize.

Morag, mkubwa wangu, anasema niandike tu
"tazama pia", niendelee, tunafunga saa kumi na moja.
Ana haki. Yapo masanduku manne bado.

Lakini niliweka kidole kando ya Siku ya Tatu,
kupima, nikajiambia, kwa ajili ya orodha:
ulifika kiungo cha pili, ukaishia hapo.
Nilipokiinua kilikuwa cheusi.
Zaidi ya miaka mia, na masizi bado yanatoka.

Nikaifuata chai mlangoni
kwa mkono mwingine.